Mbwa Akila Sumu, Maziwa Hayamsaidii. Paketi Ndio Inamsaidia

Kama uko na haraka, soma aya hii moja uende. Mbwa wako akimeza kitu unachoshuku ni sumu, mtoe hapo alipo, chukua paketi ya hicho kitu, pigia daktari wa mifugo simu na uanze safari. Maziwa yaache ya chai. Mayai yaache ya kukaanga. Mafuta ya kupikia, maji ya chumvi, majivu na makaa ya jiko, vyote viache mahali vilipo.

Kama bado uko hapa, tuongee, juu najua hujakubali. Nakuru hii, kuanzia Section 58 mpaka Kaptembwo, kuanzia Lanet mpaka Kiamunyi, mbwa akianza kutoa povu asubuhi lazima mtu atoke kwa nyumba na pakiti ya maziwa. Mwingine anashika mdomo, mwingine anamimina, na kamzee ka ploti kanasimama kando kakisema, "Muongeze, muongeze." Hakuna mtu anauliza mbwa amekula nini. Hakuna mtu anapigia mtu simu. Baada ya saa moja mbwa amenyooka, na wote wanasema sumu ilikuwa kali. Inaweza kuwa ilikuwa kali kweli. Lakini ile saa moja ilikuwa ya nani?

Mimi sio daktari, tuelewane. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili na hata sikuwa nasomea wanyama. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali na kuweka majibu kwa simu yako. Hili swali nimeuliza madaktari wa mifugo kadhaa wa hapa kwetu, na kila mmoja alianza kwa kupumua ile pumzi ya mtu amechoka kurudia kitu kimoja. Maziwa. Kila mara, maziwa.

Tuanze hapo basi.

Maziwa hayashiki sumu na hayaiui. Yanaingia tumboni, yanachanganyika nayo, maisha yanaendelea. Tena kuna sumu zinazopenda mafuta, na maziwa yana mafuta. Ukizimiminia maziwa au mafuta ya kupikia, unaweza kuwa unazisaidia kuingia mwilini haraka zaidi. Ukitaka sababu nyingine, mwangalie huyo mbwa mwenyewe. Anatetemeka, shingo imekakamaa, hawezi kumeza vizuri. Ukimmiminia kitu kwa lazima, kinapita njia ya hewa na kuingia kwa mapafu. Hapo umetoka kwa shida moja umeingia kwa mbili. Na kuna aina ya dawa ya panya inaitwa zinki fosfidi, ile inageuka gesi ikikutana na asidi ya tumbo. Chakula tumboni kinaamsha asidi zaidi. Kumlisha huyo mbwa ni kama kuongezea jiko makaa.

Chumvi ndio mbaya kabisa. Watu wanaitumia ndio mbwa atapike, lakini chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Inapanda kwa damu, inaharibu ubongo, anaanza kupigwa na kifafa. Kuna mbwa wamekufa kwa chumvi, sio kwa kile walikula.

Na makaa? Hapa watu hupenda kunibishia, wanasema hata hospitali wanatumia mkaa. Ni kweli, kuna mkaa wa dawa, na daktari anaweza kumpa mbwa, hasa mapema kabla sumu haijatoka tumboni. Lakini mkaa huo umetengenezwa kiwandani mpaka ukawa na vishimo vidogo vidogo visivyohesabika, na sumu inanaswa humo. Makaa ya jiko hayana hiyo kitu. Ukiyasaga ni vumbi jeusi tu, na vumbi jeusi kwa mapafu ya mbwa anayetetemeka unajua mwisho wake.

Sasa mambo ya kutapika. Najua umesikia dawa ya sumu ni kutapika. Wakati mwingine ni kweli, hasa kama hazijapita saa 2 hivi tangu ale. Lakini anayeamua ni daktari, hata kama ni kwa simu, na kuna wakati kutapika kunaua. Kama mbwa amelamba asidi ya betri, dawa ya kuzibua sinki au dawa kali ya kung'arisha nguo, hiyo kitu imemchoma koo ikiteremka na itamchoma tena ikipanda. Kama ni mafuta ya taa au petroli, ikipanda inaingia mapafuni. Kama tayari anatetemeka, au amelegea hajijui, matapishi yanamziba. Kwa hivyo usimwekee vidole kooni. Kwanza, atakuuma.

Na hapo kwa kuuma, ngoja kidogo, hii inakuhusu wewe zaidi ya mbwa. Povu mdomoni sio lazima iwe sumu. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mbwa aliyebadilika sauti, anayeng'ata hewa au mawe, anayeshindwa kumeza, au aliyekuwa mpole sasa anakutolea meno, na huna hakika kama amechanjwa, usiingize mkono kwa mdomo wake kwa sababu yoyote ile. Mate yake yakikupata kwa kidonda, kwa jicho au akikuuma, osha na sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni mazishi. Sasa fikiria watu watatu wameshika mdomo wa mbwa kama huyo wakimnywesha maziwa. Nimeiona hiyo hapa mtaani. Ilinitoa jasho.

Sawa. Turudi kwa paketi, juu hapo ndipo posti yote inasimama.

Sumu sio kitu kimoja. Tunasema tu "amekula sumu" kama vile sumu ni brandi. Kwa mji kama huu, uliozungukwa na viazi vya Molo, mahindi ya Njoro na ng'ombe wa Bahati, mbwa ana njia nyingi sana za kufa, na kila njia ina dawa yake.

Njia ya kwanza ni dawa za wadudu na za kupe. Nyingi ziko kwa familia zinazoshambulia neva. Mbwa anatoa mate kama bomba lililopasuka, machozi, anajikojolea, anaharisha, anatetemeka, mboni za macho zinakuwa ndogo kama nukta. Mambo yanaenda kwa dakika, sio kwa siku. Hapa kuna dawa inaitwa atropini. Na hii ndio habari njema ya kuishi eneo la wafugaji: yule daktari anayezunguka na pikipiki akitibu ng'ombe mara nyingi anabeba atropini kwa mkoba, kwa sababu ng'ombe pia hulamba dawa ya kupe. Usiseme "huyo ni wa ng'ombe." Mpigie.

Njia ya pili ni zile dawa za panya zinazozuia damu kuganda. Hizi ni za ujanja. Mbwa anakula leo, leo yuko sawa, kesho anakimbiza boda kama kawaida. Siku ya 3 au ya 5 ndio unaona amechoka, ufizi umekuwa mweupe, damu inatoka puani, au anahema vibaya kwa sababu anavuja damu ndani ya kifua. Ile "ako sawa tu, hajadhurika" unayosema siku ya kwanza ndio inamuua. Hii ina dawa nzuri sana, vitamini K1, lakini lazima ianze mapema na inaweza kuendelea wiki 3 au 4. Na hapana, sukuma wiki haitoshi.

Njia ya tatu ni ile zinki fosfidi niliyotaja. Inanuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Haina dawa yake maalum, daktari anapambana na dalili tu. Na gesi inayotoka kwa matapishi inaweza kukudhuru wewe pia, kwa hivyo akitapika fungua madirisha, au mtoe nje, na usiiname juu yake kunusa ndio uhakikishe.

Umeona sasa? Moja inataka atropini, moja inataka vitamini K1, moja haina dawa na chakula kinaizidisha. Daktari akifika na umwambie tu "amekula sumu," umempa kazi ya kubahatisha. Ukimpa paketi, umempa nusu ya tiba. Ndio nasema paketi ni muhimu kuliko maziwa. Ukimpigia, mwambie vitu vitano: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, ana uzito kama upi, na anafanya nini sasa hivi. Piga picha ya lebo umtumie. Kama ametapika, chukua kidogo kwa karatasi ya nailoni, ukivaa glavu au hata karatasi mkononi. Halafu mfunge kwa leso au blanketi, mweke mbali na kelele na mwanga, tafuta tuktuk. Usipoteze dakika 10 ukibishana na makanga wa matatu.

Kama sumu iko kwa manyoya, mfano mtu amemwogesha na dawa ya kupe ya ng'ombe bila kupima, muoshe na sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, wewe ukiwa na glavu. Mbwa hujilamba. Kilicho kwa ngozi saa mbili kitakuwa tumboni saa tatu.

Halafu kuna vitu vya jikoni ambavyo havina alama ya mafuvu. Chokoleti, hasa ile nyeusi. Zabibu, mbichi au kavu. Vitunguu. Kahawa. Zailitoli, ile sukari ya bandia iliyo kwa baadhi ya bazoka na peremende zisizo na sukari, inaweza kuangusha sukari ya mbwa ndani ya dakika 30 na baadaye ikagonga ini. Makadamia, na hizi siku hizi zimepandwa kila mahali, zinamlegeza miguu ya nyuma mpaka ashindwe kusimama, ingawa mara nyingi anapona. Panadol inaharibu ini la mbwa, na kwa paka hata kidonge kimoja kinaweza kuua. Brufen inatoboa tumbo na kuua figo. Yaani ile tabia ya "anaumwa, mpe Panadol nusu" iishe leo. Maji ya rejeta ya gari nayo yanaweza kuwa na ladha tamu na yanaua figo, kwa hivyo wasee wa gereji, futeni.

Sasa nifike kwa kile kinanikera kweli.

Paketi ninayokuambia uchukue, wengi wetu hatuna. Tunanunua dawa ya panya stegi, kwa mtu ana spika na kikapu, bei ya soda. Inakuja kwa kijikaratasi kilichokunjwa au kijinailoni. Punje za rangi ya waridi, unga mweusi, wakati mwingine unga wa kijivu. Hakuna jina, hakuna kampuni, hakuna namba. Ukimuuliza muuzaji ni nini anakuambia, "Hii ni kali, hata harufu haina." Rangi haikuambii chochote, juu kila mtu anapaka anavyotaka. Kenya tuna Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura 346, na kuna bodi nzima kazi yake ni kusajili hizi sumu na kuhakikisha zina lebo. Lebo halali inataja kile kiambato chenyewe, inasema cha kufanya mtu akimeza, na ina mstari wa rangi unaoonyesha ukali, nyekundu ikiwa ndio hatari zaidi. Kale kakaratasi ka stegi hakana hata herufi moja.

Na usidhani naongea kuhusu mbwa tu. Mtoto wa miaka miwili hatambui tofauti ya punje za waridi na peremende. Akifika hospitali daktari atauliza swali lile lile: amekula nini? Na mama atajibu lile lile: dawa ya panya. Ipi? Kimya. Mbwa ndiye anafika kwanza kwa sababu pua yake iko chini. Anakuonyesha kile kilikuwa kinangojea mtoto.

Najua jibu lenu. Chupa nzima ya dawa ya kupe ni pesa, na wewe una mbwa wawili na mbuzi mmoja. Agroveti anakupimia kidogo kwa chupa ya soda, unaenda. Sikukatazi kuwa maskini, hata mimi bajeti yangu inajulikana. Lakini hii haitaki pesa: kabla hajakupimia, mwambie akuonyeshe chupa kubwa na upige picha ya lebo, mbele na nyuma. Akikataa, toka uingie duka la pili, agroveti Nakuru hazijaisha. Ukifika nyumbani andika jina juu ya ile chupa na kalamu nene, na uiweke juu, mbali na sufuria. Chupa ya soda iliyo na dawa ya kupe na haina jina ni mtego umetega kwa nyumba yako mwenyewe.

Kuna wale watasema, "Buda, ni mbwa tu." Sawa, tuongee lugha hiyo. Huyo "mbwa tu" ndiye soja wa ploti yenu. Halipwi, anakula ugali baridi, na watu wanaolala kwa amani ni nyumba 12. Wezi wanamheshimu kuliko wewe, ndio maana wanamrushia nyama yenye sumu kabla hawajaruka ukuta. Kwa hivyo mbwa wa ploti akipatikana amekula sumu saa tisa usiku, hiyo sio habari ya mbwa. Hiyo ni ujumbe kwamba kuna mtu anapanga kuja. Pigia majirani simu kabla hujalala tena. Na kama ni jirani amemwekea kwa sababu ya kelele, ajue Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, inaliita hilo kosa. Kumpa mnyama sumu bila sababu ya haki ni kesi. Kelele ina njia zake: ongea na mwenyewe, nenda kwa mzee wa mtaa, nenda kwa chifu. Nyama yenye sumu haichagui, hata ingekuwa umemlenga mbwa mmoja.

Tena haiishii kwa huyo mbwa. Akifa, mzoga wake ni chambo kipya. Ukimtupa Gioto au kando ya reli, mbwa wengine watamla, kunguru watamla, korongo watamla, na nguruwe wa mtu watamla. Hii sio stori ya mtaa. Desemba 2015 kule Maasai Mara, simba wa Marsh Pride, wale dunia iliwajua kwa vipindi vya BBC vya Big Cat Diary, walikula mzoga wa ng'ombe uliowekwa sumu. Bibi, simba jike wa miaka 17, alikufa. Tai nao walikufa. Kabla ya hapo kulikuwa na kelele kubwa kuhusu Furadan, dawa ya wadudu wa shambani ambayo watu waligeuza silaha ya kuua simba, mpaka mwaka 2009 kampuni ya FMC ya Marekani iliyokuwa ikiitengeneza ikaiondoa kwa soko la Kenya. Ni akili ile ile ya nyama ya usiku mtaani kwetu, ila kule ilikuwa simba ndio ikafika kwa habari. Kwa hivyo mbwa akifa na sumu, chimba shimo refu, mzike na mabaki ya kile alikula, na ile bakuli uiharibu.

Nimalize na wale wakubwa. Marekani kuna kituo cha shirika la ASPCA cha sumu za wanyama, unapiga simu saa yoyote ya usiku, unalipa ada, mtaalamu anakuambia cha kufanya. Uingereza wana laini kama hiyo. Hatuhitaji ya dhahabu. Katiba yetu ya 2010, Jedwali la Nne, inapea kaunti kazi ya kudhibiti na kutunza maslahi ya wanyama, na inataja kabisa leseni za mbwa, na mahali pa kuwatunza na kuwazika wanyama. Haya maneno yameandikwa, sijayatoa kwa kichwa. Nakuru tulipewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Hapo Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton, na kinafundisha udaktari wa mifugo. Naivasha kuna tawi la KSPCA. Watu wenye maarifa wako, ndani ya kaunti moja. Ninachoomba ni namba moja ya simu ya usiku, na orodha ya madaktari wa zamu iliyobandikwa kwa kila agroveti, pale pale karibu na rafu ya sumu. Mtu akinunua kinachoua, aondoke na namba ya anayeokoa. Hiyo haihitaji jengo wala mkutano wa siku tatu hotelini. Inahitaji karatasi na gundi.

Na bei ya daktari? Ni kweli, matibabu yanaweza kula elfu kadhaa na si kila mtu anazo. Lakini angalia vile vitu vinaokoa mbwa mara nyingi: kujua amekula nini, na kufika mapema. Vyote viwili ni bure. Mbwa mmoja pale Kiamunyi alikula dawa ya wadudu wa viazi saa kumi na mbili jioni. Kijana wa nyumba hiyo alikuwa na chupa yenyewe mkononi akipiga simu. Daktari alimuuliza jina, akamsomea herufi kwa herufi, na daktari akatoka kwake tayari ameweka atropini kwa sindano. Huyo mbwa anabweka mpaka leo, na majirani wanalalamika.

Kwa hivyo usiku wa leo, kabla hujafungua programu nyingine, fanya hivi. Tafuta namba ya daktari wa mifugo wa eneo lenu na uihifadhi, jina lianze na herufi A ndio ikae juu. Uliza kama hupokea usiku, na akisema hapana, ongeza ya pili. Hakikisha ni mtu amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, sio mtu ana koti jeupe tu. Halafu inuka, nenda pale mnaweka dawa ya panya na ya kupe, uangalie. Ikiwa na lebo, piga picha. Ikiwa haina jina, usiitupe kwa pipa wala choo, na usiiache pale chini. Ifunge, ipandishe juu mahali mtoto na mbwa hawafiki, na kesho mwulize daktari au afisa wa kilimo wa wadi mahali pa kuipeleka. Mara ya pili ukinunua, nunua yenye jina.

Na maziwa, manze, mnywee nyinyi.